Ukienda Amani, Shukia Sigi

Wanaoniuliza habari za kutembea Usambara aghalabu huwa wameshaamua kabla hawajauliza. Wataenda Lushoto, watapiga picha Irente wamekaa ukingoni mwa jabali, watanunua mapeasi Soni, na Jumapili usiku wawe wamerudi Dar es Salaam. Sina ugomvi nao. Irente inastahili sifa zake, na mkate na jibini ya shamba la kanisa pale vimewarudisha wengi. Lakini hiyo ni safari ya gari yenye vituo vya kushuka. Anayetaka kutembea hasa, aingie msituni asubuhi, apite penye maporomoko ya maji, atokee kwenye majumba ya Wajerumani na mashamba ya chai, mimi humwelekeza upande wa pili: Usambara Mashariki, kwa njia ya kutoka Sigi kupanda Amani.

Jina ni moja, safu ni mbili, na katikati limepita bonde la mto Lwengera. Safu ya magharibi, yenye Lushoto, ni ndefu zaidi kwenda juu, ina baridi, na imejaa watu; mashamba ya viazi na kabichi yamepanda hadi kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili. Safu ya mashariki ni fupi. Amani yenyewe iko kama mita 900 tu juu ya usawa wa bahari. Ila iko karibu na pwani, na upepo wa Bahari ya Hindi ukiigonga huacha mvua yake hapo hapo, karibu mwaka mzima. Ndiyo maana msitu wake ni mzito, mito haikauki, na maji ya mto Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani linalonywesha mji wa Tanga. Mkazi wa Tanga anayepanda Amani anafuata bomba la nyumbani kwake kwenda juu.

Kutoka Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 40 za lami. Kutoka Muheza hadi Amani ni kama 35 za vumbi, au tope, kulingana na siku. Watu wengi hukaa garini hadi mwisho. Usikae. Mwambie dereva akushushe Sigi, kwenye lango la hifadhi, ambako kimo ni kama mita 450. Kutoka hapo gari hupanda kwa kona nyingi zilizojikunja. Wewe utapanda kwa njia ya miguu katikati ya miti. Mtu wa kawaida anayepumzika pumzika ajipe saa tatu hadi nne. Ukiwa na watoto wa kuanzia miaka kumi hivi, ongeza saa moja na uwape kazi ya kutafuta vinyonga, hawatalalamika.

Sababu yangu ya kusisitiza Sigi haihusu mazoezi. Pale pana nyumba ya zamani ambayo sasa ni kituo cha wageni, na kabla ya hapo ilikuwa ya mkuu wa stesheni ya reli. Reli msituni? Naam. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, hadi Sigi, kilomita zaidi ya ishirini, ikakamilika mwaka 1910. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa ishushe magogo. Simama barazani kwa dakika kumi kabla hujaanza kupanda, kwa sababu ukishajua kwamba hapa palikuwa mwisho wa reli ya mbao, utautazama msitu kwa jicho jingine. Utaanza kuuliza mti huu mkubwa umebakije, na kwa nini ule mteremko wa pili umejaa miti ya umri mmoja.

Muulize mwongozaji wako swali hilo hilo, naye atakuonyesha msizi, mti ulioletwa na wageni kupandwa Usambara na ambao tangu hapo umejisambaza wenyewe. Kila mti wa asili ulipokatwa na jua likapata mwanya, msizi uliwahi. Hondohondo hula matunda yake na kupeleka mbegu mbali, kwa hiyo hata leo hakuna anayeweza kuurudisha nyuma kirahisi. Atakuonyesha pia msambu, mti wa asili wenye matunda makubwa mazito ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Wanavijiji huokota mbegu hizo na kuuza. Ukisikia kitu kizito kimeanguka msituni pasipo na upepo, huenda ni tunda la msambu. Usikae chini yake kula chakula.

Ukataji haukwisha na Wajerumani. Miaka ya 1970 na 1980 misumeno ilifanya kazi tena kwenye safu hii kwa msaada wa fedha za Finland, hadi wataalamu na wenyeji walipopiga kelele. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukakomeshwa, na Finland hiyo hiyo ikageuka kufadhili uhifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Hayo yote utayasoma kwa macho njiani: kipande cha msitu mnene ambamo mchana unakuwa kama magharibi, halafu ghafla mwanga mwingi na miti myembamba, halafu unene tena. Mwongozaji asiyekueleza tofauti hiyo amekuongoza njia tu.

Ukikaribia Amani, miti inabadilika tena. Unakuta mianzi mikubwa, mdalasini, miti ya kafuri, minazi ya aina ambazo hujawahi kuona pwani. Hujapotea. Umeingia kwenye bustani ya mimea ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa hapa mwaka 1902. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Wajerumani walileta mimea kutoka pande zote za nchi za joto wajaribu upi utaleta fedha: kahawa, mpira, viungo, miti ya mbao, na mti wa kwinini. Huu wa mwisho ndio uliowaokoa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka na bahari ikafungwa na meli za Waingereza, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya askari wa Kijerumani waliokuwa wakipigana na malaria pamoja na adui. Baada ya vita Waingereza walikirithi kituo, wakakiendesha hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya. Majumba yakapewa watafiti wa malaria. Nao baadaye makao yao yakahamia Muheza, chini, kwenye barabara na umeme wa uhakika.

Kwa hiyo majumba unayoyaona Amani yamebadilisha wenyewe mara kadhaa, na mengine yanasubiri. Hapa nina ushauri wa namna ya kuyatazama, maana wengi hupiga picha ya paa na kuondoka. Anza na msingi. Angalia ulivyoinuliwa kwa mawe, kuta zilivyo nene, baraza ilivyo pana na upande gani imeelekea. Karibu kila mara imeelekea upepo na mandhari, na jiko la nje liko upande wa nyuma, ambako hapakuwa na mandhari. Huko nyuma ndiko walikokuwa wapishi, madobi na watunza bustani. Angalia bomba la moshi: mtu aliyehitaji kuota moto ndani ya nyumba katika mkoa wa Tanga alikuwa amelikimbia joto la pwani kwa makusudi. Halafu tazama mifereji ya maji ya mvua na matangi. Nyumba hizi zilichaguliwa mahali kwa kufuata maji na ubaridi, na njia nyingi tunazotembea leo kwenda kwenye maporomoko zilifunguliwa na watu hao hao waliotumwa kuchota, kupima na kubeba.

Majengo mengine yanakaliwa na watu, mengine ni ofisi. Piga hodi. Hodi ya kweli, ukasubiri jibu, na ukiitikiwa na mzee, shikamoo kwanza kabla ya simu kutoka mfukoni. Wastaafu waliofanya kazi kwenye maabara za Amani wanajua mambo ambayo hakuna kibao kitakachokueleza: nani alikaa nyumba ipi, mbu walifugwa wapi, gari la kwanza lilipandaje. Mama mmoja aliwahi kunionyesha karo la kufulia nyuma ya nyumba aliyozaliwa, akaniambia baba yake alifua hapo mashuka ya Wazungu wa awamu mbili. Usiingie kwenye jengo tupu hata kama mlango uko wazi. Sakafu za mbao zimeoza, na nyoka wanapenda vyumba visivyo na watu.

Sasa maporomoko. Yapo mengi, makubwa na madogo, upande wa Derema na kwingineko, na mwongozaji ataamua la kukupeleka kulingana na mvua ya juzi. Mwachie aamue. Kosa la watu wa mjini ni kudhani hatari ya maporomoko iko kwenye maji yanayoanguka. Hatari iko kwenye mawe ya pembeni, yale meusi yenye ngozi ya kijani, ambayo yakiwa makavu yanashika mguu na yakilowa kidogo tu na unyunyu yanateleza kama sabuni. Wakati wa kushuka geuka ubavu, shika mzizi na siyo tawi, na usiweke uzito kwenye mguu kabla haujakaa. Mwenye simu mkononi ana mkono mmoja pungufu.

Jambo la pili: tazama rangi ya maji kila baada ya muda. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani wakati ulipo wewe kuna jua. Maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa ya udongo, au majani na vijiti vikianza kuja kwa wingi, toka mtoni mara moja, usingoje kumalizia picha. Kuoga kwenye kidimbwi kunategemea mahali, uliza. Kuna sehemu ambazo wenyeji hawaogi wala hawapigi kelele kwa sababu za kimila, na katika Usambara yote bado iko misitu midogo ya matambiko. Ukiambiwa hapa hatupiti, geuka bila kudai maelezo. Na usinywe maji ya mto, hata yakiwa yanang'aa namna gani. Juu ya kila poromoko kuna kijiji, na kijiji kina ng'ombe.

Kando ya vijito hivyo, kwenye mwamba wenye kivuli na umande, inama utazame chini. Kuna ua dogo la urujuani lenye majani ya manyoya, limejibana kwenye ufa ambao huwezi kudhani una udongo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, aliliona na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika na kulipa jina la Saintpaulia. Leo linakaa kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba Ulaya na Marekani, limezalishwa kwa rangi za kila namna. Hapa kwao linaishi pale tu msitu wa juu yake ulipobaki. Mtu akilibandua na kulitia kwenye chupa ya maji, litakufa kabla hajafika Muheza, na ule ufa utabaki mtupu. Litazame, lipige picha kwa karibu, liache.

Lala Amani angalau usiku mmoja. Ziko nyumba za wageni za hifadhi, za kawaida kabisa, na chakula huagizwa mapema kwa sababu hakuna mgahawa unaokungoja. Nunua machungwa Muheza kabla hujapanda. Hakuna chungwa jingine nchini ninaloliheshimu hivyo. Sababu ya kulala ni matembezi ya usiku. Kinyonga ambaye mchana ungempita mara kumi, usiku hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata kwenye ncha ya tawi anaonekana mweupe kabisa. Dume wa aina moja ya huku ana pembe tatu puani, na jina lake la kisayansi limetokana na Derema. Najua wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga. Mtazame bila kumgusa, yeye pia hataki kukugusa. Vyura ndio watakaokushangaza kwa sauti zao, na asubuhi mbega watakuamsha kabla ya jogoo.

Vijiji vya huku viliwahi kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao kwa maonyesho ya nje, biashara safi iliyowapa watu sababu ya kulinda miti. Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016, soko likafungwa. Nalitaja kwa sababu mgeni wa miguu ni sehemu ndogo ya fidia ya pengo hilo. Mlipe mwongozaji wa kijiji bila kumbana bei. Nunua iliki na pilipili manga kwa mkulima. Ada ya hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya malipo kupitia Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu akikuomba umpe mkononi bila stakabadhi, mwambie kwa upole kwamba unataka namba.

Msimu: Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya Amani inaweza kumshinda dereva mwenye uzoefu, na njia za miguu zinakuwa mifereji. Hata kiangazi, amini kwamba utanyeshewa. Koti jepesi la mvua ni muhimu kuliko mwavuli, maana mkono unahitajika kwingine. Viatu viwe vyenye meno na vilivyokwisha kuzoea mguu. Raba laini za mtaani ziache, na kama huna buti, gambuti za mkulima zinafaa kuliko unavyodhani. Ingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Wakikupanda, usisimame kuwang'oa hapo hapo. Toka kwanza kwenye msafara wao, halafu vua. Dawa ya mbu ni lazima, hasa Sigi kulipo chini. Kanga moja kila mtu, wanaume pia: ni taulo, shuka, kifuniko cha mzigo na stara ya kupita kijijini. Tochi ichajiwe. Ndani ya msitu giza huingia mapema, kwa hiyo saa kumi jioni uwe unatoka, siyo unaingia.

Ukiipenda Amani, basi nenda Lushoto mara ya pili, ukiwa umejua kutazama. Matembezi ya siku tatu au nne kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba na misheni ya Rangwi hadi Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inaonekana yote, ni mazuri kuliko mengi yanayouzwa kwa bei kubwa. Baridi ya Juni na Julai huko siyo ya kufanyiwa mzaha. Chukua sweta nzito. Salamu ya asubuhi kwa Kisambaa ni "onga maundo", na utaona sura zinavyofunguka.

Majumba ya Lushoto yana habari nzito zaidi. Mji huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na walowezi waliupenda kwa ubaridi. Kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume wa wilaya hiyo alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa mlowezi katika kila miezi minne. Asiyeijaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Karibu na Soni iko Sakharani, leo misheni ya Wabenediktini, zamani shamba la Tom von Prince, afisa aliyepigana vita vya kuitwaa nchi na kisha akauawa kwenye mapigano ya Tanga Novemba 1914. Huko Shume Wajerumani walijenga hata njia ya kamba ya chuma angani, ishushe magogo hadi stesheni ya Mkumbara. Ukisimama mbele ya jumba lenye bustani ya waridi huko, kumbuka kadi.

Neno la mwisho ni la usafiri, kwa kuwa ndilo linaloharibu safari nyingi. Magari ya abiria kati ya Muheza na Amani ni machache; kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, na ratiba hubadilika na mvua. Uliza saa ya gari jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, umuulize dereva mwenyewe, na chukua namba yake ya simu. Ukilikosa, bodaboda ipo hadi Muheza, kwa bei ya mtu aliyekosa gari.